Kipimo cha mimba kinasomwa kwa saa, si kwa matumaini

Niliwahi kukifukua kipimo kwenye ndoo ya taka ya bafuni. Jioni yake kilikuwa na mstari mmoja, nikakitupa. Usingizi ukanipaa usiku kucha nikijiuliza kama niliangalia vizuri, alfajiri nikakitoa na kukipeleka dirishani. Mistari miwili! Nikamwamsha mume wangu. Siku tatu baadaye hedhi ikaja kama kawaida yake, nami nikabaki na aibu ya kumwamsha mtu kwa kivuli.

Maana kilikuwa kivuli kweli. Mkojo ukikauka kwenye karatasi ya kipimo, huweza kuacha alama palepale mstari wa pili unapotakiwa kutokea. Alama hiyo huwa ya kijivu au haina rangi kabisa, na mara nyingi ni nyembamba kama uzi. Mstari wa kweli una rangi ileile ya mwenzake: kama wa kwanza ni wa pinki, wa pili nao uwe wa pinki, hata kama umefifia.

Kwa hiyo weka saa. Vipimo vingi husomwa kati ya dakika 3 na 5, na baada ya dakika 10 havisomwi tena. Karatasi iliyomo kwenye pakiti ndiyo yenye neno la mwisho, isome kabla hujakojoa. Kilaze kipimo mahali palipo sawa, uondoke. Mimi nikikikodolea macho huanza kuona mistari hata ukutani.

Muda ukifika, anza na herufi C. Mstari wake unakuambia tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kitupe uchukue kingine, hata kama T, yaani mstari wa pili unaoonyesha mimba, imewaka vipi. C peke yake: homoni ya mimba, hCG, haijaonekana. C na T zote: una mimba, na T hafifu yenye rangi inahesabika vilevile. Kukolea kwa mstari hakukwambii umri wa mimba wala kama ni mapacha. Mkojo mzito tu unaweza kuukoleza.

Sasa huo mstari mmoja, ambao wengi tunaukubali haraka mno. hCG huanza kutengenezwa yai lililorutubishwa linapojishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, kwa kawaida siku 6 hadi 12 baada ya yai kupevuka. Mwanzoni huwa kidogo sana, kisha huongezeka takriban maradufu kila siku 2 au 3. Ukipima kabla ya siku ya kutarajia hedhi, unaweza kuambiwa huna mimba ilhali ipo. Subiri siku 2 au 3 upime tena, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hujajaza tumbo maji. Hedhi ikichelewa kwa zaidi ya wiki na kipimo bado kinakataa, kamwone mhudumu wa afya akupime damu.

Vidonge vya uzazi wa mpango na antibiotiki havibadilishi jibu. Sindano za hCG wanazochomwa wanaotafuta mtoto zinaweza kulibadilisha. Vivyo hivyo mimba iliyotoka au uzazi wa karibuni, kwa kuwa homoni hubaki mwilini kwa wiki kadhaa. Na tazama tarehe ya kuisha muda kwenye pakiti. Mimi niliwahi kupima kwa kipimo kilichokaa kabatini hadi kikapitwa, nikajiongezea mashaka tu.

Kuna jambo moja ambalo mistari miwili haiwezi kukuonyesha: mimba imetunga wapi. Ikitunga nje ya mfuko wa uzazi, kipimo huweza kuwaka kama kawaida. Ukiwa na mistari miwili, au hata hedhi imechelewa tu, kisha ukapata maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, ukatokwa damu, ukasikia kizunguzungu cha kutaka kuzimia au maumivu kwenye ncha ya bega, achana na vipimo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiende peke yako.