Chora safari ya korosho kabla ya kuchora skrini

Tuseme umepewa kazi ya kubuni huduma ya simu ya kumwarifu mkulima wa Tandahimba, mkoani Mtwara, malipo yake ya korosho yamefikia wapi. Usikimbilie vitufe na rangi. Anza na storibodi, yaani hadithi ya picha, fremu sita tu.

1. Kasikilize. Nenda chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, siku ya kupima korosho. Andika maneno yao kama yalivyo: mnada, makato, “hela haijasoma” (haijaonekana kwenye akaunti).

2. Panga fremu. Canva ina violezo vya storibodi, ila mimi natumia Google Slides: ukiwasha mapema hali yake ya nje ya mtandao, inafanya kazi hata mtandao ukikata. Slaidi moja, fremu moja: anapima mzigo, anapewa stakabadhi, korosho zinakwenda ghala kuu, mnada, kusubiri, hela benki. Chini ya kila picha weka sentensi moja fupi.

3. Chora vibaya. Sitanii. Watu wa vijiti, mstari mweusi, basi. Niliwahi kupeleka michoro iliyonakshiwa, wazee wakaishia kusema “nzuri sana, mwanangu”. Nani atamkosoa kijana aliyehangaika hivyo? Mchoro wa ovyo kila mtu anausahihisha.

4. Mpe simu yenye slaidi hizo, unyamaze. Mkulima ndiye asimulie, fremu baada ya fremu. Wewe andika pale anaposita. Hapa usiwe na haraka. Mama mmoja alifika fremu ya tano akacheka: “Huyu anachekelea nini? Hapo ndipo tunapokopa dukani.” Nilikuwa nimemchorea anayesubiri uso wa tabasamu bila hata kufikiri. Tena akaniuliza simu ni ya nani, maana kwake ujumbe unasomwa na mjukuu.

Maneno yake yakageuza kazi nzima. Hela ikiingia, benki hutuma ujumbe; giza liko kati ya mnada na malipo, na kwenye makato.

5. Nakili, usifute. Tengeneza nakala ya slaidi zote, kisha ingiza huduma yako kwenye ile fremu inayouma tu. Rudi nayo kwa watu walewale. Wakiisimulia bila kukuuliza, ndipo uchore skrini.

Sisi hatukuifikia skrini. Kilichobaki ni ujumbe mfupi wa kawaida: kilo, bei ya mnada, makato, mzigo umefikia wapi. Skrini niliyoichora usiku wa kwanza, na vitufe vyake vya kijani, bado iko kwenye faili.