Jinsi ya kuangalia flapu ya koo usiku wa kwanza, hasa kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi

Naandika kwa manesi wenzangu mnaopokea mgonjwa katoka tieta (chumba cha upasuaji), katolewa koromeo na zoloto (kisanduku cha sauti) kwa sababu ya saratani, halafu wamemjengea njia ya chakula upya kwa nyama ya paja, ya mkono au kipande cha utumbo mwembamba. Hiyo nyama ndo flapu, inaishi kwa mishipa iliyoshonwa shingoni, ateri inaleta damu vena inarudisha, mmoja ukiziba inakufa, na mara nyingi unaziba ndani ya siku tatu za kwanza.

Hatua ya 1: daktari asiondoke hajakuonyesha. Mishipa imeshonwa upande gani, na unaangalia wapi, manake flapu yenyewe iko ndani ya koo huioni, ndo maana wengi wanaacha kipande kidogo nje shingoni kama dirisha. Aweke uzi wa alama pale dopla, kile kifaa cha kusikilizia damu ikipita kwenye mshipa, inaposikika, na msikilize wote wawili hapohapo. Shingoni kuna mishipa mingine mikubwa, ukisogeza dopla kidogo tu unasikia mlio mzuri kabisa ambao sio wa flapu.

Hatua ya 2: shingo iwe huru. Kamba ya mrija wa kupumulia isizungushwe shingoni, mwombe daktari ashone mrija kwenye ngozi. Lastiki ya maski ya oksijeni nayo hivyohivyo. Kichwa kikae katikati. Nilishawahi kukuta kamba imekazwa vizuri na mtu mwenye nia njema kabisa na flapu imevimba, mpaka leo kitu cha kwanza nikiingia zamu napitisha vidole shingoni.

Hatua ya 3: kila saa, kwa saa 24 hadi 48 za kwanza angalau, gusa, bonyeza, sikiliza, andika. Ukibonyeza na kuachia, rangi inarudi kwa sekunde mbili tatu hivi. Ikirudi fasta mno na nyama imejaa, imekaza, hiyo ni vena imeziba, na vena ndo huziba zaidi. Ikichelewa au isiporudi, nyama ya baridi na imelegea, hiyo ni ateri imeziba. Na dopla isikudanganye, vena inaweza kuwa imeziba na ateri bado inalia.

Sasa rangi. Tunafundishwa flapu yenye afya ni ya pinki, lakini ngozi ya paja la mgonjwa wangu mweusi haijawahi kuwa pinki hata siku moja, ukisubiri uone bluu utakuwa umechelewa. Usilinganishe na ngozi ya shingo, linganisha na ngozi ya paja lilelile ilikotoka, kwa mwanga mmoja kila saa, mi natumia tochi nyeupe ileile hata taa za wodi zikiwaka. Halafu amini vidole kuliko macho: inajaa? imekuwa ngumu kuliko saa iliyopita? Pembeni kwenye mshono panavuja damu nyeusi? Ukiwa na wasiwasi, daktari au nesi aliyeruhusiwa anachoma kidogo kwa sindano, mbali na mishipa: damu nyekundu ikitoka taratibu ni sawa, nyeusi inayokimbia ni vena, isipotoka kabisa ni ateri. Kipande cha utumbo ni rahisi kidogo, kina wekundu wenye unyevu, kinatoa ute na kinajinyonganyonga, kikitulia kimya na kuwa cheusi usijiulize mara mbili.

Hatua ya 4: piga simu, usiseme ngoja nicheki tena baada ya saa moja. Utumbo bila damu ukiwa na joto la mwili hauvumilii zaidi ya saa mbili hivi. Unaposubiri legeza bandeji, rudisha kichwa katikati, pima presha, angalia dreni (mrija wa kutolea damu na majimaji kwenye kidonda) maana damu ikikusanyika chini ya ngozi inabana mishipa, mgonjwa asile kitu, damu ya akiba iulizwe maabara. Ukikosea na flapu ikawa nzima hakuna aliyeumia, daktari kakosa usingizi tu.

Kuanzia kama siku ya tano hivi angalia dreni, ikianza kutoa kitu kama mate ujue mshono wa ndani unavuja, toa taarifa.

Na zamu ikibadilika, msikabidhiane mezani. Nendeni kitandani wote wawili, mbonyeze pamoja, msikilize pamoja, ili anayeingia aanze na kipimo kilekile ulichoachia wewe.