Kuchagua safari ya siku moja kwa treni kutoka London

Anza na stesheni, mji utafuata. London haina stesheni kuu moja. Kila upande wa nchi una yake. Paddington ni ya Oxford na Bath. King's Cross ni ya Cambridge. Waterloo inakwenda Salisbury na Windsor, Victoria inakwenda Brighton, na St Pancras ndiyo yenye treni za kasi za Kent, zinazofika Canterbury na Margate. Anayekaa Croydon hana sababu ya kurudi katikati ya jiji, maana treni ya Brighton inapita East Croydon. Wa Stratford naye anapandia treni ya kasi ya Canterbury palepale Stratford International. Kulikatiza jiji zima hadi Paddington kunaweza kumaliza saa nzima, na jioni unailipa tena.

Kipimo kizuri ni saa moja na nusu ndani ya treni, kwenda tu. Cambridge ni dakika 50 hivi kwa treni ya haraka ya King's Cross (za Liverpool Street zinazidi saa moja). Brighton, Oxford na Canterbury ni kama saa moja. Bath, Salisbury na Margate zinagusa saa moja na nusu. York ni saa mbili hivi. Huko nenda ulale.

Kisha pima mwendo wa miguu baada ya kushuka, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Bath ni rahisi: hazifiki dakika kumi kutoka treni hadi mabafu ya Warumi. Brighton unashuka Queens Road moja kwa moja hadi baharini, robo saa, ila kurudi ni mlima. Cambridge, stesheni iko mbali na vyuo, dakika 25 kwa miguu, kwa hiyo mwenye mzee au mtoto ahesabu na basi. Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale, haina treni kabisa. Unashuka Salisbury, unachukua basi.

Angalia na siku yenyewe. Ngome ya Windsor hufungwa Jumanne na Jumatano. Vyuo vingi vya Cambridge huzuia wageni msimu wa mitihani, kati ya Aprili na Juni. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, basi chagua mji wenye mambo ya ndani, kama makumbusho au kanisa kuu. Na aliyezoea mchanga wa Bamburi au Kunduchi ajue mapema: ufuko wa Brighton ni kokoto tupu. Watoto wenye ndoo na koleo wapeleke Margate, lakini tazama kwanza saa za maji kujaa, maana yakijaa mchanga hupungua sana.

Tiketi ya kutafuta ni ile inayoandikwa Off-Peak Day Return, yaani ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo nje ya saa za msongamano. Siku za kazi tiketi hii kwa kawaida huanza kutumika saa tatu na nusu asubuhi, ingawa saa hutofautiana kwa njia. Jumamosi na Jumapili ni siku nzima. Soma masharti kabla ya kulipa: tiketi ya kawaida ya Canterbury haikuruhusu kupanda treni ya kasi ya St Pancras, na tiketi nyingine za bei nafuu za Brighton ni za kampuni moja tu. Watu wazima watatu hadi tisa wakisafiri pamoja saa hizo, kampuni nyingi hupunguza theluthi moja kwa GroupSave, bila kadi yoyote. Familia inunue Family & Friends Railcard, pauni 35 kwa mwaka: wakubwa wanapunguziwa theluthi, watoto wa miaka 5 hadi 15 asilimia 60. Chini ya miaka 5 ni bure.

Usitegemee Oyster, kadi ya nauli ya usafiri wa London. Geti la London litakufungulia, lakini kadi hiyo haifiki Oxford, Cambridge wala Brighton. Faini ya kukosa tiketi halali ni pauni 100 juu ya nauli, na hushuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. Tiketi ya simuni inataka simu yenye chaji. Ikizimika, mkaguzi anakuhesabu huna tiketi.

Kinachoharibu safari nyingi ni matengenezo ya reli, hasa Jumapili. Jioni ya kabla, weka tarehe yako kwenye tovuti ya National Rail. Ukiona alama ya basi mahali pa treni, au safari ya saa moja imekuwa mbili na nusu, badilisha mji, usibishane nayo.

Stesheni kubwa za London hutangaza jukwaa dakika chache tu kabla ya kuondoka, kwa hiyo simama karibu na ubao. Sikiliza tangazo: treni nyingine za Victoria za pwani ya Sussex hukatwa njiani, mabehewa ya mbele yakaenda mji huu na ya nyuma mwingine. Treni ikichelewa, tunza tiketi. Kampuni nyingi hulipa kuanzia dakika 15 za kuchelewa, nyingine 30, na dai lazima lifike ndani ya siku 28.