Kitasa cha sanduku cha kutengeneza kwa tupa: anza na ufunguo

Kitasa kinachoelezwa hapa ni cha sanduku la mbao. Kina ulimi unaokwenda pembeni, kizuizi kimoja kinachokandamizwa na springi ili kishike ulimi usisogee bila ufunguo, na ufunguo wa jino moja. Hakihitaji umeme. Kinatosha kabisa kwa masanduku ya mninga na mkongo yanayotengenezwa Mtwara na Lindi, ambayo mara nyingi huishia kupigiliwa komeo na kutundikwa kufuli ya dukani. Kufuli hiyo ikikaa karibu na bahari misimu michache, ufunguo hauzunguki tena.

Mafundi wengi huanza na bamba, halafu ulimi, na ufunguo huja mwisho. Hapo ndipo kazi inapoharibika, maana ufunguo unalazimishwa kufuata makosa ya vipande vyote vilivyotangulia. Tengeneza ufunguo kwanza. Ukikamilika, usiuguse tena kwa tupa. Vipande vingine vyote vitapimwa kwake.

Vya kutafuta

Bamba la chuma laini la mm 2, vipande viwili vya mm 110 kwa 70. Flatibaa ya mm 20 kwa 5, urefu mm 75, kwa ajili ya ulimi. Nondo laini ya mm 6, kama sm 12. Kipande cha bamba la mm 3 kwa ajili ya jino. Kipande cha mm 2 cha kizuizi. Msumeno wa mbao uliochakaa kwa ajili ya springi. Pini ziwe za shaba ukizipata, kwa sababu chuma juu ya chuma kwenye hewa ya chumvi hushikana.

Zana: jiliwa, msumeno wa chuma, tupa bapa kubwa na ndogo, tupa ya mraba, tupa ya mviringo, drili ya mkono, bikari ya chuma, kona, nyundo, mkaa na mvukuto, na kibatari. Kibatari si cha mwanga. Masizi yake ndiyo yatakayokuonyesha vyuma vinagusana wapi.

Hatua ya 1: Ufunguo

Kata nondo mm 90, bila kuhesabu kishikio. Mwisho wake acha ncha ya mm 4, kisha kata mfereji wa mm 8 kwa urefu na mm 3 kwa upana ambamo jino litakaa. Jino ni bamba la mm 3, upana mm 8, na litokeze mm 9 nje ya nondo. Kutoka katikati ya nondo hadi ncha ya jino ni mm 12. Kipimo hicho kiandike ukutani, maana kitasa chote kimejengwa juu yake.

Jino lisishikwe kwa kubanwa tu. Lipige ribiti moja, kisha lichomee kwa shaba na boraksi (unga unaosaidia shaba iliyoyeyuka ishike). Jino lililolegea hata kidogo hupoteza nusu milimita ya mwendo, na kitasa kidogo kama hiki hakina nusu milimita ya kutupa. Ikishapoa, zungusha pembe za ncha ya jino kwa tupa laini ili liteleze chini ya kizuizi badala ya kukikwaruza. Kishikio kifanye upendavyo.

Hatua ya 2: Bamba

Bamba moja litakaa kwenye ubao, upande wa ndani wa sanduku. Hilo ndilo bamba la msingi. La pili ni kifuniko, na nafasi kati yao iwe mm 8.5. Piga alama ya senta ya tundu la ufunguo mm 45 kutoka ukingo wa nyuma na mm 20 kutoka ukingo wa chini. "Mbele" katika mwongozo huu ni upande ambao ulimi unatokea.

Toboa mm 6.2 kwenye mabamba yote mawili, yakiwa yamebanwa pamoja. Kwenye bamba la msingi ongeza mfereji wa jino, ukielekea chini, sio juu. Ukielekea juu, jino litagonga ulimi kabla halijaingia. Kwenye kifuniko acha tundu la duara tu, ambamo ncha ya ufunguo itakaa na kuzunguka bila kuyumba.

Sasa fungua bikari mm 14 na uchore duara kutoka kwenye senta hiyo. Ndani ya duara hilo pasiingie pini, ribiti wala skrubu. Vitakavyopita humo ni ulimi na kizuizi peke yake.

Hatua ya 3: Ulimi

Ukingo wa chini wa ulimi uwe mm 8 juu ya senta ya ufunguo. Ulimi ukiwa umerudi, mkia wake uwe mm 30 nyuma ya senta na kichwa mm 45 mbele. Kichwa kipunguze hadi kimo cha mm 10 kwa urefu wa mm 20, ili kipite kwenye kitanzi cha mfuniko, yaani kipande chenye tundu kinachofungwa kwenye mfuniko.

Pengo la ufunguo hukatwa kwenye ukingo wa chini, upana mm 9, kina mm 5. Ukuta wa mbele wa pengo ukae sawa na senta ya tundu la ufunguo, na ule wa nyuma mm 9 nyuma yake. Upana huu una sababu. Jino linaingia kwenye pengo likiwa bado chini, linapanda bila kusukuma chochote, na wakati huohuo linainua kizuizi. Linapofika karibu na kilele ndipo linapogusa ukuta na kuanza kusukuma. Pengo likiwa jembamba, jino litasukuma ulimi wakati kizuizi bado kimeshika, na ufunguo utakwama. Hili ndilo kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote, na watu hujaribu kulitibu kwa kutoa chuma kwenye kizuizi. Dawa yake ni kupanua pengo. Kila milimita unayoongeza hupunguza mwendo wa ulimi kwa milimita moja, kwa hiyo nenda polepole. Kwa vipimo hivi ulimi utasafiri karibu mm 9.

Ulimi uongozwe sehemu mbili. Mbele, ribiti daraja dogo la chuma juu yake. Nyuma, kata mfereji mrefu wa mm 16 kwa 5 katikati ya kimo cha ulimi, uanzie mm 10 nyuma ya senta ya ufunguo kuelekea mkiani, upitiwe na pini ya mm 5 iliyoribitiwa kwenye bamba. Ulimi ukiwa umerudi, pini ikae kwenye mwisho wa mbele wa mfereji. Kichwa cha pini kisipite uso wa ulimi, la sivyo kizuizi kitapanda juu yake.

Shika bamba wima, kichwa cha ulimi kikiwa juu. Ulimi uanguke wenyewe bila kusukumwa. Usipoanguka, upake masizi, uteleze mara chache, halafu angalia masizi yamefutika wapi na uguse hapo tu.

Hatua ya 4: Kizuizi

Kizuizi ni bamba la mm 2 linalolala juu ya uso wa ulimi. Mhimili wake uko mm 35 nyuma ya senta ya ufunguo, nyuma kabisa ya mkia wa ulimi. Kwa kuwa kizuizi kiko juu ya ulimi, weka washa zenye unene wa mm 5 chini yake kwenye mhimili ili kilale sambamba. Mbele, mm 10 kupita senta ya ufunguo, acha kipande chembamba cha mm 4 kilichokunjwa kwa pembe ya mraba kupita juu ya flatibaa. Hiyo ndiyo kucha. Ikunje ikiwa nyekundu kwenye moto. Ukiikunja baridi, inaweza kupasuka kwenye kona.

Tumbo la kizuizi, yaani ukingo wa chini unaoguswa na jino, liwe sawa na ukingo wa chini wa ulimi wakati kucha imezama. Jino litaliinua karibu mm 4. Kwa kuwa kucha iko mbali zaidi na mhimili kuliko jino, yenyewe itapanda karibu mm 5, na shimo lake kwenye ulimi lina kina cha mm 3. Ziada hiyo ni ya kuchakaa.

Sehemu ya nyuma ya kizuizi ipunguze kimo ili springi ipate pa kukaa.

Hatua ya 5: Mashimo mawili ya kucha

Rudisha ulimi, shusha kucha, chora, kisha kata shimo la kwanza kwenye ukingo wa juu wa ulimi kwa tupa ya mraba. La pili usilichore kwa rula. Funga kitasa pamoja, weka ufunguo, zungusha hadi jino litoke kwenye pengo, ushikilie ulimi hapohapo na uchore kucha ilipotua. Alama itakuwa kama mm 9 nyuma ya shimo la kwanza, lakini kipimo cha ufunguo ndicho cha kufuatwa.

Kisha panua kila shimo kwa mm 0.3 kuelekea lenzake, ili kucha idondoke kabla tu jino halijaacha kusukuma. Usipofanya hivyo, ufunguo utazunguka vizuri ukiwa mpya, na baada ya kuchakaa kidogo kucha itabaki juu ya ukingo na ulimi utarudi kwa kusukumwa na kidole.

Kuta za mashimo ziwe wima kabisa, na kucha vilevile. Ukuta uliolala kidogo hugeuka ngazi. Jaribu: funga kitasa, toa ufunguo, kandamiza ncha ya ulimi kwa kipande cha mbao na uipige kwa kiganja. Kucha ikipanda, tafuta ukuta uliolala.

Hatua ya 6: Springi

Kata kwenye msumeno wa zamani wa mbao kipande cha upana wa mm 5 na urefu wa mm 80. Msumeno wa zamani wa mkono una kaboni ya kutosha kuchukua ugumu. Kabla ya kukunja, piga msasa kwa urefu wa kipande mpaka mikwaruzo yote iliyokatiza iishe, hasa kingo. Springi nyingi zinazovunjika huanzia kwenye mkwaruzo mmoja uliokaa upande usiofaa.

Pasha katikati iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu ipoe taratibu, halafu ipashe tena na uikunje kwenye nondo ya mm 6, miguu miwili ibaki imetawanyika. Usiikunje kona kali. Mguu wa juu upate sikio dogo la kushika pini iliyo juu ya kizuizi, na wa chini uteleze mgongoni mwa kizuizi.

Kuitia ugumu, ipashe yote kwa pamoja kwenye mkaa uliotulia, bila kupuliza kwa nguvu. Moto wake ni pale ambapo sumaku ya spika ya redio haiishiki tena, nyekundu ya cheri, karibu nyuzi 770. Izamishe kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu. Ya alizeti yanatosha. Ya ufuta yanafanya kazi ileile, ila kwa bei yake afadhali yabaki jikoni. Maji yasitumike: chuma chembamba hivi hupasuka au hupinda.

Ikitoka hapo ni kama kioo, usiijaribu. Isafishe kwa msasa mpaka ing'ae, kisha uilegeze kwa kuipasha juu ya bati lililowekwa kwenye mkaa. Rangi zitapita: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu buluu. Itoe ikifika buluu ya sare, karibu nyuzi 300. Zitazame ukiwa kivulini, maana juani utaiona zambarau wakati buluu imeshapita. Ikiishia zambarau itavunjika. Ikipita hadi kijivu itabaki imelala ulipoikandamiza.

Ikandamize kwenye jiliwa mara kumi mpaka miguu ikaribiane na uipime. Ikipungua kidogo mara ya kwanza na kutulia, ni nzuri. Nguvu yake iwe ya kushusha kucha hata kitasa kikiwa juu chini, basi. Springi kali haiongezi ulinzi wowote, inakula jino la ufunguo tu.

Hatua ya 7: Kukifunga kwenye sanduku

Mbao iwe imekauka. Ubao mbichi hutoa unyevu kwenye chuma na kukila kwa nyuma, usikoona. Chonga kitako cha kitasa ndani ya ubao wa mbele, toboa njia ya ufunguo, na ufunge kwa skrubu za shaba.

Kitanzi cha mfuniko kiwe cha bamba la mm 4, tundu lake mm 12 kwa 7. Linaonekana kubwa kwa ulimi wa mm 10 kwa 5, lakini mfuniko wa mninga ukiwekwa wakati wa kiangazi na mvua za Desemba zikaja, utavimba na kuhama. Tundu lililobana litafanya sanduku lisifunguke katikati ya masika, na mwenyewe atavunja ubao. Mahali pa kitanzi patafute kwa masizi: paka ncha ya ulimi, funga mfuniko, zungusha ufunguo, na uone ilipogusa.

Ndani usipake grisi. Grisi hushika vumbi na chembe za mchanga, ikawa kama msasa. Paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye mabamba, ukiyapasha kidogo ili iingie, na tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwenye mhimili. Shimoni kwa kucha pabaki pakavu.

Ufunguo wa pili uchonge siku hiyohiyo, wakati wa kwanza bado una ncha yake kamili. Ukiunakili ule uliotumika mwaka mzima, utakuwa umenakili na uchakavu wake.