Kuunganisha mashine ya mauzo ya duka na Wi-Fi: printa, kishikwambi na anwani isiyohama

Maduka mengi ninayoitwa kwa sababu "mtandao umegoma" hayana tatizo la mtandao. Mawimbi yapo, kishikwambi kinafungua video bila kusuasua, lakini keshia akibonyeza risiti printa inakaa kimya. Mara nyingi chanzo ni kwamba anwani ya printa, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao wa duka, imebadilika na hakuna aliyejua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu anwani. Kuchagua jina la Wi-Fi na kuweka nenosiri kila mwenye simu anajua.

Nitatumia mfano ninaoukuta sana Dar es Salaam: kishikwambi cha Android chenye programu ya mauzo, printa ya risiti ya karatasi ya milimita 80 yenye Wi-Fi, droo ya fedha, na ruta ya laini ya simu au ya faiba. Ukiwa na kompyuta badala ya kishikwambi, hatua ni zilezile.

Pembeni ya kaunta kuna mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi. Hiyo iache kama ilivyo. Mashine hizi TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ilianza kuzitumia mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT, na hutuma taarifa zake kwa laini ya simu iliyomo ndani yake, si kwa Wi-Fi ya duka. Risiti ya programu ya mauzo haichukui nafasi ya risiti ya EFD, na mteja ana haki ya kupewa ile ya EFD. Kama unatumia VFD, yaani programu inayotoa risiti ya kodi bila mashine, basi intaneti ya duka ndiyo njia yako ya kufika TRA. Kwako wewe sehemu ya umeme na laini ya akiba, kule mwishoni, si ya kuruka.

Hatua ya 1: Jua nini kinaunganishwa na nini

Kishikwambi kinaongea na ruta. Printa inaongea na ruta. Droo haiongei na ruta hata kidogo: ina waya unaofanana na wa simu ya mezani, unaochomekwa nyuma ya printa, na printa ndiyo inayoipa umeme wa kufunguka risiti inapotoka. Kuwa makini hapo. Kichwa cha waya wa droo ni kidogo, kwa hiyo kinaweza kuingia hata kwenye tundu la kebo ya mtandao. Usikiweke huko, na usichomeke laini ya simu kwenye tundu la droo, maana unaweza kuunguza saketi. Tundu la droo mara nyingi lina alama ya DK au mchoro wa droo.

Shika jambo hili moja kabla ya kuendelea: kuchapa risiti hakuhitaji intaneti. Kunahitaji kishikwambi na printa viwe kwenye mtandao mmoja wa ndani ya duka. Bando likiisha, risiti inapaswa kuendelea kutoka. Ikikoma, kuna kitu hakijapangwa vizuri.

Hatua ya 2: Weka ruta mahali panapofaa

Iweke juu, karibu na kaunta, mbali na friji na maikrowevu. Wengi huificha stoo, nyuma ya ukuta wa zege au rafu za chuma, kisha wanalaumu kampuni ya intaneti. Duka la kontena lina hali yake: chuma huzuia mawimbi, kwa hiyo ruta lazima ikae ndani ya kontena lenyewe. Ile ya jirani, hata akikukubalia, itakusumbua tu.

Printa nyingi za bei ya kawaida zinashika Wi-Fi ya masafa ya GHz 2.4 pekee. Ruta za siku hizi hutoa GHz 2.4 na GHz 5 kwa jina moja, na printa inaweza kuhangaika kujiunga. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uzipe majina mawili tofauti. Kishikwambi kinaweza kukaa kwenye GHz 5 na printa kwenye GHz 2.4, mradi ruta ni moja na haijazitenga.

Sehemu kama Kariakoo, ambako kila mlango una ruta yake, chagua kwa mkono chaneli ya GHz 2.4, yaani njia ambayo ruta inarushia mawimbi: 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani. Pakua kwenye simu programu ya kupima Wi-Fi, simama pale printa itakapokaa, uone chaneli gani ina msongamano mdogo. Nguvu ya mawimbi ikisoma kama -60 dBm uko salama. Ikishuka hadi -80, sogeza ruta kwanza.

Hatua ya 3: Tenga mtandao wa kaunta na wa wageni

Mtandao wa kaunta uwe wa vifaa vya mauzo peke yake. Wateja na simu za wafanyakazi wawe kwenye mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao tayari na unahitaji kuwashwa tu. Hili silegezi kwa mwenye duka yeyote. Nenosiri la kaunta likishatolewa kwa mteja mmoja, baada ya muda mtaa mzima unalo, na kila anayelijua anaweza kutuma kitu kwenye printa yako, kwa sababu printa hizi haziulizi nani anatuma.

Chagua ulinzi wa WPA2, kwa kuwa printa nyingi hazijui WPA3. Nenosiri liwe refu, la herufi na tarakimu, bila nafasi wala alama za ajabu. Baadhi ya printa hushindwa kuzisoma. Zima WPS, ile njia ya kujiunga na Wi-Fi bila kuandika nenosiri. Badilisha pia nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe, lile lililobandikwa chini yake.

Angalizo: mtandao wa wageni kwa kawaida huzuia vifaa visionane. Ukiweka printa na kishikwambi huko, vyote vitaonyesha vimeunganishwa, intaneti itakuwepo, na risiti haitatoka. Ukikuta hali hiyo, angalia kwanza jina la mtandao.

Hatua ya 4: Ifanye printa ijieleze

Zima printa. Bonyeza kitufe cha FEED na ukishikilie, kisha iwashe ukiwa bado umekishika. Ikianza kuchapa, achia. Itatoa karatasi yenye mipangilio yake. Kwenye aina fulani taarifa za mtandao hutoka kwenye karatasi ya pili, kwa kubonyeza tena au kwa kitufe kidogo kilicho nyuma.

Tafuta mistari mitatu: anwani ya IP (ile namba ya kwenye mtandao, inayoweza kubadilika), anwani ya MAC (utambulisho wa kudumu aliouweka mtengenezaji), na kama DHCP, yaani utaratibu wa ruta kugawa anwani za IP yenyewe, imewashwa. Chukua mfano wa printa ya Xprinter ikiwa mpya. Mara nyingi huja na anwani 192.168.123.100, wakati ruta yako pengine ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Linganisha namba ya tatu: 123 kwa 1, au 123 kwa 8. Zikitofautiana kwenye mipangilio ya kawaida ya ruta za dukani, vifaa hivyo havitasikilizana hata vikiwa vimewekwa bega kwa bega.

Hatua ya 5: Iingize printa kwenye Wi-Fi

Printa haina kioo, kwa hiyo unaipa jina la mtandao na nenosiri kupitia kifaa kingine. Kwa nyingi ni kompyuta yenye Windows, waya wa USB na programu ndogo ya mtengenezaji. Baadhi ya Epson zinapangwa kwa simu kupitia Bluetooth. Andika jina la mtandao kama lilivyo, herufi kubwa na ndogo bila kukosea, washa DHCP, hifadhi, zima printa na uiwashe. Chapa tena karatasi ya hatua ya 4. Kama sasa anwani inafanana na ya ruta isipokuwa namba ya mwisho, umeingia.

Ikiwa printa ina tundu la kebo ya mtandao na ruta iko mita chache kutoka kaunta, mimi ningetumia kebo. Kishikwambi kinabaki huru bila waya, na printa, ambayo haihami popote, inapata njia isiyoyumba. Wenye maduka hupenda kaunta isiyo na waya hata mmoja, nami naelewa kwa nini, lakini kebo ya mita tatu iliyopita chini ya kaunta haiharibu sura ya duka na inakuondolea usumbufu mwingi.

Hatua ya 6: Funga anwani isihame

Kwa DHCP, ruta inamkopesha kila kifaa anwani kwa muda. Ruta nyingine hukopesha kwa saa mbili, nyingine kwa siku nzima. Muda ukiisha kifaa kilicho hewani huomba tena, na kwa kawaida hurudishiwa ileile. Shida inakuja umeme ukikatika. Ruta inawaka upya, wakati mwingine imesahau nani alikuwa na anwani gani, na vifaa vinapanga foleni kadiri vinavyoamka. Jana printa ilikuwa 192.168.1.101, leo simu ya mhudumu imewahi, printa imepewa 192.168.1.104. Kishikwambi hakina habari. Kinaendelea kutuma risiti kwenye 101, kama posta inayopeleka barua kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishahama.

Kuna njia mbili za kuzuia hili, na ninayoipendelea ni ya kwenye ruta. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta, ingia, tafuta sehemu ya DHCP, kisha panapoandikwa "Address Reservation" au maneno yanayokaribiana na hayo. Weka anwani ya MAC ya printa, zile herufi na tarakimu 12 ulizoziona kwenye karatasi, na IP unayotaka iwe yake daima. Hifadhi, zima printa, iwashe, chapa karatasi, hakikisha.

Njia ya pili ni kuiandika anwani ndani ya printa na kuzima DHCP yake. Hapo chagua namba iliyo nje ya zile ambazo ruta inazigawa. Kama ruta inagawa kuanzia 100 hadi 199, mpe printa 192.168.1.50. Ukimpa 120, siku moja ruta itampa mtu mwingine 120 hiyohiyo, na utapata tatizo linalokuja na kuondoka bila mpangilio, ambalo ni gumu kuliko yote kulitafuta. Ubaya mwingine ni kwamba ukibadilisha ruta inabidi uifungue printa upya.

Njia yoyote utakayochagua, andika anwani kwenye kipande cha karatasi, kibandike ubavuni mwa printa kwa selotepu. Fundi atakayekuja baada yangu atashukuru.

Hatua ya 7: Ioneshe programu ilipo printa

Kwenye Loyverse, kwa mfano, unakwenda kwenye mipangilio, printa, unaongeza mpya, unachagua aina ya muunganisho, unaandika IP na upana wa karatasi. Watu wengi hukwama kwenye aina ya muunganisho: orodha inasema Ethernet, nao printa yao ni ya Wi-Fi. Chagua hiyohiyo. Kwa programu, printa yenye anwani ya IP ni ya Ethernet, iwe kwa waya au hewani. Programu nyingine zitakuuliza pia namba ya poti; andika 9100, ambayo printa nyingi za risiti husikiliza. Chapa risiti ya majaribio.

Kisha kitengeneze kishikwambi chenyewe. Futa mitandao mingine yote kinayoikumbuka, kisije kikarukia Wi-Fi ya mgahawa wa jirani. Iondoe programu ya mauzo kwenye orodha ya zinazobanwa ili kuokoa betri. Na kama kina laini ya simu, zima ile hiari ya kuhamia data ya simu Wi-Fi inapokosa intaneti. Hiyo ndiyo inayosimamisha risiti bando linapoisha: kishikwambi kinaiacha Wi-Fi ya duka na kufuata intaneti kwenye laini, huku printa ikibaki upande wa pili.

Hatua ya 8: Jaribu kwa shida, si kwa raha

Usiondoke kwa sababu risiti moja imetoka. Zima swichi kuu ya duka, hesabu nusu dakika, washa. Subiri ruta iamke, ambayo huweza kuchukua dakika mbili au tatu, kisha chapa bila kugusa mpangilio wowote. Ikitoka, anwani imefungwa kweli.

Baada ya hapo toa laini ya simu kwenye ruta, au kebo ya faiba, uza kitu kimoja na uchape. Risiti inapaswa kutoka bila intaneti. Rudisha laini, uangalie kama mauzo hayo yamepanda kwenye ripoti ya mwenye duka. Programu ambayo haiwezi kuuza bila intaneti haifai mahali ambapo mtandao hukatika, hata iwe nzuri kiasi gani.

Kwa umeme, nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoshikilia umeme unapokatika, ile ya volti 12. Ruta haili umeme mwingi na kishikwambi kina betri yake. Printa inahitaji UPS kubwa zaidi, kwa kawaida ile ya kompyuta, kwa kuwa adapta nyingi za printa hizi ni za volti 24. Wa VFD aongeze laini ya kampuni nyingine yenye bando, tayari kuchomekwa kwenye ruta.

Mambo ya kukabidhi

Mwenye duka, si fundi wala keshia, ndiye atunze nenosiri la ruta, la Wi-Fi ya kaunta na la akaunti ya programu. Yaandikwe kwenye daftari linalofungiwa. Mfanyakazi akiacha kazi, badilisha nenosiri la kaunta siku hiyohiyo baada ya kufunga duka, na kumbuka kwamba printa haitajua mabadiliko hayo yenyewe: chukua kompyuta na waya wa USB, urudie hatua ya 5. Kama uliifunga anwani kwenye ruta, hatua ya 6 na ya 7 huzigusi.