Transmita ya FM haianzi kwenye LTspice? Anzia hapa

Wadau, hili swali linarudi sana: mtu kachora transmita ndogo ya FM, transista moja 2N3904, betri ya 9 V, osileta ya Colpitts (saketi inayozalisha wimbi), anaran kwenye LTspice, programu ya kujaribu saketi kwenye kompyuta, anaona mstari umenyooka tu hakuna wimbi. Usikimbilie kubadilisha transista wala kufuta mchoro. Mara nyingi saketi iko poa, ila simuleta haijaambiwa vizuri.

Cheki vipimo kwanza. Kwenye SPICE, lugha ya simuleta kama LTspice, herufi M ni mili, iwe kubwa au ndogo, kwa hiyo ukiandika 1M ukidhani ni megaomu umeweka resista ya 0.001 omu, andika 1Meg. Kapasita nayo ukiandika 25F anasoma femto, pikofaradi ni 25p. Halafu hakikisha kuna graundi na hakuna waya unaoelea bila kuunganishwa popote.

Baada ya hapo ran .op, amri ya kuonyesha volti na mikondo saketi ikiwa imetulia, uangalie DC peke yake. Kati ya besi na emita upate kama 0.65 V hivi, na kolekta ipitishe mkondo wa miliampea kadhaa. Kama transista imezimika hapa, hata ukae mpaka asubuhi haitatoa wimbi, rudi kwenye resista za besi.

DC ikikaa sawa na bado kimya, jua kwamba osileta ya kweli inaamshwa na noizi, yaani vurugu ndogo za umeme, na kwenye simulesheni hiyo noizi haipo, saketi inakaa pale pale ilipotulia. Lazima uisukume. Weka hii:

.tran 0 30u 0 0.2n startup

Hiyo startup inapandisha betri kutoka sifuri ndani ya mikrosekunde 20 za mwanzo, ndo maana nimeweka 30u, ukikata kwenye 5u utaona betri bado inapanda ukadhani imegoma. Na 0.2n, yaani hatua ndefu zaidi simuleta anayoruhusiwa kupiga, usikose kuiweka, maana wimbi la MHz 100 linamaliza mzunguko kwa nanosekunde 10 tu, simuleta akipiga hatua ndefu analiruka au analizima kabisa.

Koili nayo iwekee resistansi. Ya 100 nH ipe kama omu 0.8, bila hivyo inakuwa safi kupita koili yoyote utakayoisuka kwa mkono, unafurahia wimbi kwenye skrini halafu mezani inagoma.

Sasa ukishajenga masafa yakihama usishangae. 100 nH na 25 pF zinakupa karibu MHz 100, ila nyaya na bredibodi (ubao wa kuchomeka vipande bila kulehemu) zikiongeza 5 pF tu unashuka mpaka MHz 92. Ziongeze hizo 5p kwenye mchoro mapema, na kwa RF (masafa ya redio) mi nashauri achana na bredibodi kabisa, lehemu juu ya kipande cha shaba miguu ikiwa mifupi. Wakati wa kupima funga resista ya omu 50 badala ya antena, kurusha hewani kunataka leseni ya TCRA, au CA kama uko Kenya.