Kabla ya kupanda meli ya kitalii inayopita karibu na visiwa

Wengi wetu Dar es Salaam tunaamini meli ikikaribia nchi kavu, hatari imepungua. Lakini kinachopasua meli ni mwamba, na miamba imejaa pembeni mwa visiwa. Aliyefika Mbudya au Bongoyo maji yamekupwa anaijua: saa sita nyuma isingeonekana. Siku za bamvua, maji ya kwetu hupanda na kushuka karibu mita nne.

Usiku wa Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia, yenye watu zaidi ya 4,200, ilisogezwa kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, kwa sababu tu nahodha alitaka kukisalimia kisiwa. Mwamba ukachana ubavu wake wa kushoto zaidi ya mita 50. Watu 32 walikufa, taa za bandari wakiziona. Mamia ya abiria waliopanda jioni ile walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura. Tangu 2015 sheria za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Kwa hiyo usilale chumbani zoezi likiendelea. Nenda na familia nzima, hata bibi. Jifunze mlio wa dharura: honi fupi saba, kisha moja ndefu. Halafu tembeeni wenyewe kutoka chumbani hadi kituo cha kukusanyikia, kwa ngazi, maana lifti haitumiki wakati wa dharura. Rudieni usiku, korido zile zinafanana mno.

Hesabu majaketi okozi siku ileile ya kwanza. Naumia kila nionapo mtoto, hata kwenye boti za Zanzibar, amevishwa la mtu mzima: akitumbukia majini litamvuka kichwani. Omba la saizi yake, umjaribishe. Tochi, viatu na dawa viwe karibu na kitanda. Ratiba ya safari mwachie ndugu nyumbani.

Na meli ikitikisika ghafla, taa zikazimika, vaeni majaketi, mwende kituoni bila kusubiri tangazo. Kule Giglio mwamba uligongwa saa 3:45 usiku. Abiria wakaambiwa ni hitilafu ya umeme, na amri ya kuiacha meli ilitoka zaidi ya saa moja baadaye, imeshalala upande, baadhi ya mashua za kuokolea hazishuki tena.